Kumgawa Baba Katikati

Lodwar, Turkana
Mei 1974

Kwa Dada Wakesho,

Shikamoo dada. Naomba barua hii uisome umeketi. Nakujua wewe, barua zangu unazisoma umesimama jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko, halafu unaniandikia kwamba hukuelewa nilichotaka kusema. Hii vuta kigoda ukae. Mguu ulioteguka kule shambani umepona? Watoto wanasemaje? Na kifua cha baba, bado kinamsumbua asubuhi au kimetulia? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimekauka. Ukiniona leo utasema ni mzee fulani wa ukoo aliyerudi kutoka vitani.

Mvua ya mwaka huu imetupita. Ilikuja siku moja, ikagonga mabati ya nyumba za walimu kama mgeni aliyekosea mlango, ikaenda zake. Baada ya hapo ni upepo na vumbi tu. Mchana tunafundisha huku jasho linadondoka kwenye daftari za wanafunzi, na jioni tunatoa vitanda nje. Watu wa hapa wakisafiri kwenda Kitale husema wanakwenda Kenya. Mwanzoni niliwacheka. Siku hizi nami nikiulizwa likizo nitakwenda wapi najibu hivyo hivyo, nakwenda Kenya.

Na Kenya yangu mimi ni huko kwenu milimani. Nitakwambia kitu usinicheke. Juzi nilifungua lile furushi la maharagwe ulilolituma na lori, nikaingiza uso wangu wote ndani ya mfuko. Harufu ya dari yetu ilikuwa humo, moshi na udongo baridi. Nikamkumbuka mama akiponda kimanga, muhogo na maharagwe pamoja, na ukungu ukiingia mlangoni bila hodi, na baba akiuambia ukungu ule karibu, keti, ila usiguse chakula. Kila siku neno lilelile na kila siku tulicheka. Dada, nilikaa na ule mfuko mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Najua umenikasirikia. Uliniandikia tangu mwezi wa tatu ukitaka neno langu la mwisho, nami nimekaa kimya kama jiwe. Umesema wewe na kaka Elia mmekubali shauri langu, na kwamba nikiandika ndiyo, Elia atapanda kutoka Mombasa mwanzoni mwa Juni aje amchukue baba. Nusu mwaka Mombasa kwa Elia, nusu mwaka nyumbani kwako. Umesema pia kwamba baba alipoambiwa alijibu "sawa", akaenda kukaa nje.

Hilo neno "sawa" limenikaa rohoni. Lakini ili uelewe kwa nini nimechelewa kujibu, lazima nikusimulie yaliyonipata Kakuma.

Unajua kwamba mbali na shule, jioni nawafundisha Kiingereza makarani wa ofisi za serikali. Huku mambo yote ya ofisini ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Wanataka Kiingereza cha wakubwa, chenye misemo. Basi mwezi wa pili niliwafundisha misemo ya katikati. Waingereza wanaipenda sana katikati, dada. Wanao msemo wa kukutana na mwenzako nusu ya njia. Wanao wa kuipasua tofauti vipande viwili, kila mtu abebe chake. Wanao wa kati yenye furaha, yaani pale ambapo si kingi si kichache. Asiyetaka kuchagua upande wanasema amekaa juu ya ua.

Huo wa mwisho ulituchelewesha sana. Darasani kuna karani mmoja anaitwa Ekai, mtu wa Kakuma, mrefu, mpole, mwenye maswali. Ekai alitaka kujua ni ua wa namna gani huo. Ua wa kwao ni miiba mitupu iliyorundikwa kuzuia fisi. Akasema, "Mwalimu, mtu ya kukaa hapo juu, huyo hapana mjanja. Huyo ni mgonjwa." Darasa zima lilicheka, nami nikawaambia basi msemo huu muuache kwa wenye mbao.

Lakini ule wa nusu ya njia waliupenda, na mimi niliupenda kuliko wao. Ndipo barua yako na ya Elia zikanifikia kwa lori moja. Yako inasema baba asitoke, mke wake amelala pale, shamba lake liko pale. Ya Elia inasema baba atakufa kwa baridi, Mombasa kuna joto na hospitali iko karibu. Nyote wawili mlisema kweli, na nyote mlikuwa na hasira. Mimi mwalimu wa misemo nikaketi nikaandika kwa kalamu nzuri: tukutane nusu ya njia, nusu mwaka huku, nusu mwaka kule. Nilijiona nimeupita ujanja wa Sungura.

Likizo ya Aprili ilipofika, Ekai alipata ruhusa ya kwenda kwao Kakuma, akaniomba nifuatane naye nikawafundishe kidogo makarani wa huko. Nilikubali kwa sababu nauli ya kuja nyumbani ilinishinda, na kukaa Lodwar peke yangu wakati shule imefungwa ni adhabu. Kakuma ni maduka machache ya Wasomali, misheni, zahanati, na mto Tarach. Ukisikia mto usifikirie mto wetu. Huu ni mchanga mtupu, mweupe, mpana. Maji yamelala chini, na watu wanachimba visima humo mchangani, wengine virefu mpaka anayeteka humwoni, unamsikia tu akiimba.

Kila kisima kina mwenyewe. Kimoja kati ya hivyo kilileta ugomvi. Kilichimbwa zamani na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake, mama Akiru, ana mbuzi. Mdogo wake yule marehemu, Lokwang, ana ngamia. Wote wawili walidai kisima ni chao, mmoja kwa mume na mwingine kwa kaka. Ngamia wa Lokwang walikuja siku moja wakanywa maji yote na kubomoa ukingo, mbuzi wa mama Akiru wakalala na kiu. Matusi yakatoka, vijana wakashika fimbo. Mzee wa mtaa alipoona hivyo akasema yupo mwalimu kutoka Kenya, mtu asiye na upande, aje aseme.

Dada, nilifurahi jinsi gani. Niliketi kwenye kile kigoda chao kidogo, wazee wameketi mbele yangu, Ekai ananifasiria. Nikawaambia Waingereza wana msemo. Nikawaambia kila mmoja aje nusu ya njia. Siku moja kisima ni cha mama Akiru, siku ya pili ni cha Lokwang, na hivyo hivyo daima, asiyekuwa na zamu asikiguse. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kitu, Ekai akamjibu. Kisha wakakubali. Nilidhani wamekubali kwa sababu neno langu ni zuri. Kumbe walikubali kwa adabu, kwa kuwa waliniita wenyewe, na mtu hamwiti mgeni aamue halafu akamtupia maneno yake usoni. Nikala nyama siku ile, nikalala nimeshiba na sifa.

Haikuchukua muda mrefu mambo yakaharibika. Mbuzi hawezi kukaa na kiu kwenye jua la Turkana, lazima anywe leo, na kesho ukimnyima, keshokutwa amelegea. Ngamia ni kinyume chake. Anakwenda mbali kutafuta majani, siku nyingi haonekani, na akirudi anataka kunywa kisima kizima. Basi siku za zamu ya Lokwang, ngamia wake wako mbali huko milimani, na kisima kimefunikwa miiba kwa sababu ndiyo sheria ya mwalimu. Maji yamo, mbuzi wamesimama wanayatazama. Ngamia nao walipotokea hatimaye, walitokea siku ya mama Akiru. Naye, kwa uchungu wa mbuzi wake, akakaa juu ya ukingo akasema leo si siku yenu. Ngamia wakarudishwa nyuma na kiu yao. Lokwang ikabidi awe anawaweka karibu ili wasikose zamu, na hapo karibu hakuna jani, wakaanza kukonda.

Yaani kabla sijafika walikuwa wanagombana lakini wanakunywa. Baada ya mimi kuwapatanisha, hakuna aliyekuwa anagombana, na wanyama wa wote wawili walikuwa wanakufa.

Nililetewa habari na mama Akiru mwenyewe. Alikuja asubuhi penye kivuli cha zahanati nilipokuwa nimekaa na Ekai. Ni mwanamke mkavu, shingo yake yote ni shanga, anatembea kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Nilitegemea matusi. Akasalimu, ejok, akaketi chini, akaweka mbele yangu kengele ya mti, ile wanayomfunga mbuzi anayeongoza wenzake. Mbuzi mwenyewe alikuwa amekufa. Aliongea polepole bila kunitazama, na Ekai akanifasiria hivi:

"Mama anasema, mwalimu, yeye hapana kasirika na wewe. Anasema wewe uligawa siku vizuri kabisa. Lakini hapana uliza mbuzi inakunywa lini. Hapana uliza ngamia inakunywa lini. Anasema maji hapana gawa na siku. Maji inagawa na kiu."

Nilimwomba Ekai amwambie pole. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akachukua kengele yake, akaondoka.

Jioni ileile wakakutana wenyewe, kule kule mchangani, safari hii mimi nikiwa nimekaa nyuma na mdomo wangu nimeufunga. Walizungumza mpaka jua likazama. Wakafokeana, wakamkumbuka marehemu, Lokwang akatoa machozi alipotaja jinsi kaka yake alivyomfundisha kuchimba. Mwisho wake wakaelewana. Kisima ni cha mbuzi kila siku. Lakini ngamia wakianza safari ya kurudi, Lokwang atatuma mtu mbele, na siku hiyo ni yake yote, mbuzi wapelekwe kwa jirani. Na kwa kuwa ngamia wanahitaji maji mengi, vijana wake watakichimba kisima kiende chini zaidi, kazi ambayo mama Akiru hana nguvu nayo. Ukihesabu siku, mwanamke amepata karibu zote. Ukitazama maji, Lokwang hakupunjwa. Hapakuwa na nusu popote, na watu waliinuka wakitaniana. Wakanitania na mimi. Lokwang aliniambia nikirudi tena Kakuma nije na mbuzi wangu mwenyewe nimgawe ninavyotaka.

Nilicheka nao, dada, lakini moyoni nilikuwa nyumbani.

Maana nilianza kuhesabu ule mpango wangu. Juni mpaka Novemba Mombasa, Desemba mpaka Mei nyumbani. Kwa karatasi ni sawa kabisa. Lakini mahindi ya masika baba anayapanda mwezi wa tatu, na yanakomaa Julai na Agosti. Atakuwa Mombasa. Mbegu za vuli zinaingia ardhini Oktoba na Novemba. Atakuwa Mombasa bado. Arudi Desemba akute shamba limepandwa na wengine, alipalilie, apande ya masika, kisha aondolewe kabla hajaonja hindi moja bichi alilolipanda mwenyewe. Baba yetu, aliyekuwa akitupeleka shambani tuyaguse mahindi kwa mkono na kutuambia hili bado linanyonya, hili limeachishwa ziwa! Nilimfanya awe mtu wa kupanda asivune. Na Elia naye nimemfanyia nini? Kifua cha baba kinambana hasa Juni na Julai, wakati wa ukungu ule mkali. Baada ya hapo angekaa naye kwenye chumba kimoja cha kupanga, mzee asiyejua jirani hata mmoja, akisubiri mwanawe arudi kutoka kazini bandarini.

Unakumbuka zamu ya mfereji? Ile asubuhi ambayo maji yalikuwa yetu, baba alitutoa kitandani kabla jogoo hajajua la kusema. Tunashuka bondeni na majembe, nyasi zimelowa, miguu inakufa ganzi, wewe unalia na mimi najifanya silii. Anafungua tope kwa jembe, maji yanageuka yanaingia kwetu, naye anasimama anayasikiliza yakipita chini ya migomba. Nimeona watu wakisali kanisani miaka mingi, sijaona uso kama ule. Huku nilipo, nikimkumbuka yule mteka maji wa Kakuma akiimba kisimani, nausikia ule mfereji, na machungu ya kuwa mbali yananishika mpaka natamani hata ile baridi ya miguuni. Ningekuwa na uwezo wa kurudi asubuhi moja tu, ningechagua hiyo.

Na kuna jambo lingine ambalo lazima niliseme wazi, ingawa halinipendezi. Mlipokuwa mnavutana, wewe ulikuwa unamfulia baba na kumpikia. Elia alikuwa tayari kumlisha na kumpeleka hospitali. Mimi nilikuwa na msemo. Nilikaa katikati yenu, na huko katikati, dada, hakuna mzigo. Mkono wangu wa kushoto haukubeba kitu wala wa kulia. Niliwagawia ninyi baba nusu kwa nusu, nami mtoto wa tatu sikujiwekea hata wiki moja. Hukunisuta kwa hilo. Elia pia hakunisuta. Labda kwa adabu ileile ya wazee wa Kakuma.

Basi neno langu la mwisho ni hapana. Elia asije Juni kumchukua baba. Nimemwandikia naye leo leo, barua zote mbili zinapanda lori moja. Nimemwambia asikasirike na wewe, akasirike na mimi. Na nimemwomba mwalimu mkuu aniruhusu likizo ya Agosti nianze mapema, amekubali. Mwezi wa saba nitakuwa hapo, ukungu ukiwa umekaa vizuri. Nitalala chumba cha baba, nitakoka moto alfajiri, nitamchemshia maji, na kama kifua kitakataa kabisa nitateremka naye mwenyewe kwa Elia, na nitapanda naye mwenyewe akitaka kurudi. Wewe uupumzishe mguu. Nimeomba pia uhamisho wa kuja shule yoyote ya upande wetu. Ofisi inasema huenda ikachukua muda mrefu, na mimi nimewaambia nitasubiri lakini nisisahaulike.

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake nimeipatia betri huku kwa Msomali. Nisalimie shangazi wa bondeni na umwombe anipunguzie maombi ya kuoa, Mungu ameshasikia. Wasalimie watoto wako wote, hasa yule mdogo ninayeambiwa ana masikio ya kwangu, maskini. Msalimie Mzee Mwakai jirani, na umwambie mpaka wa migomba yake na yetu sina maoni nao tena, mimi na kuamua tumeachana.

Sasa nisikilize vizuri, dada, hili ndilo kubwa. Baba mwenyewe bado hajaulizwa. Sisi watatu tumeandikiana barua kutoka kona tatu za nchi, na hakuna hata mmoja aliyeketi akamwuliza, baba, wewe unataka nini. Mwulize wewe. Usimwulize mbele ya watu. Mwulize mkiwa mnachambua maharagwe, mikono yake ikiwa na kazi, na akijibu "sawa", usiinuke. Endelea kuchambua. Nyamaza mpaka aseme neno la pili.

Na kabla hajalisema, tafadhali usimsomee barua hii. Ukimsomea atasema mwanangu ana haki, kama alivyosema Elia ana haki, kama alivyosema wewe una haki. Maisha yake yote baba yetu amekuja kwetu njia nzima, sisi hatukumfuata hata nusu, na ndiyo maana hatujui anakoishi.

Nikuage hapa, lori linapakia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwakio